Barabara Iliyopona

Kabondo nzima, hapa Kisangani, hakukuwa na mtu aliyeijua barabara ya Bafwasende kumshinda Papa Hubert Paluku, na wa kwanza kukwambia hivyo alikuwa Papa Hubert mwenyewe. Miaka ishirini na mmoja aliendesha lori la tajiri mmoja wa Butembo, akipeleka mchele na mawese, akirudi Kisangani na maharagwe, vitunguu na sabuni. Vita vilipoingia, wanajeshi waliliazima lori kwa muda mfupi, na huo muda mfupi ulikuwa sasa na miaka minne. Hubert alibaki na kofia ya udereva, funguo za lori lisilokuwepo, na barabara aliyoihifadhi kichwani. Hiyo ya kichwani hakuna askari aliyeweza kuiazima, kwa hiyo aliigawa bure kwa yeyote aliyekosea akaketi karibu naye.

Madereva wa njia ile hawakuhesabu kilomita. Kilomita ni mambo ya watu wenye lami. Wao walihesabu mashimo, na kila shimo kubwa lilikuwa na jina lake, lililotolewa na dereva wa kwanza kuteseka humo. Lilikuwepo Noeli, kwa sababu mwaka mmoja malori kumi na moja yalisherehekea Krismasi humo ndani, na mwaka uliofuata manane yakarudia sherehe. Lilikuwepo Mwaga Chumvi. Lilikuwepo Mama Mkwe, ambalo huwezi kulipita bila kumwachia kitu. Hubert aliyajua yote hadi Bafwasende, kwa jina, kwa kina na kwa tabia zake wakati wa mvua. Ukimwuliza kijiji fulani kiko wapi, alikwambia: toka Noeli, hesabu mashimo tisa, ukifika njia panda shika upande wenye Mama Mkwe. Aliona ajabu kwamba watu wengine walihitaji ramani.

Kwa mtu mwenye barabara nzima kichwani, alikuwa na shida moja ya kuchekesha kidogo, ingawa hakuna aliyethubutu kuicheka mbele yake. Mke wake alikuwa mwisho wa barabara hiyo, na yeye alikuwa mwanzo wake.

Kasoki aliondoka Mei ya mwaka 2000, nyuma ya pikipiki ya mfanyabiashara, kwenda kumwuguza dada yake Bafwasende. Alisema atakaa wiki mbili. Mwezi uliofuata majeshi mawili ya kigeni yalipigana siku sita katikati ya Kisangani kana kwamba kwao hakuna viwanja, na baada ya hapo hakuna chombo chenye injini kilichopita tena njia ile. Dada yake akafa. Kasoki akabaki huko, upande wa pili wa mstari waliouchora wakubwa, akifungua kibanda cha chai na mikate, yale maandazi madogo ya asubuhi.

Chombo chenye injini, nimesema. Maana baiskeli zilipita. Kisangani tunaziita kinga, na kila juma kinga ishirini, thelathini, zilitoka mjini zikiwa na chumvi, sabuni na nguo kuukuu, zikisukumwa kwa miguu siku tisa hadi Bafwasende, na zilirudi na mchele na nyama kavu. Wanaume walizisukuma, wanawake walizisukuma, hata mwalimu mmoja wa hesabu alisukuma wakati wa likizo ambayo serikali ilikuwa imesahau kuifunga.

"Papa, si uende na wale?" Kanyere, binti yao, alimwuliza siku moja. Alikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi wa mama yake. "Siku tisa tu."

"Miye? Miye nisukume kinga?" Hubert alivua kofia akaiangalia, kana kwamba ndiyo iliyotukanwa. "Kanyere, dereva hasukume kinga. Barabara haipite. Ikipita, nitaenda kumutwaa mama yako sawasawa, ku kiti ya mbele."

"Batu banapita, papa."

"Batu, ndiyo. Barabara haipite."

Ili mambo yawe wazi, alimtumia Kasoki ujumbe kupitia wasukuma kinga: Usitoke huko. Ninakuja kukuchukua na gari. Aliona ni ujumbe mzuri, wenye heshima, wa mume anayejali. Aliurudia mara nne katika miaka miwili, na kila alipoutuma alilala vizuri.

Kusema kweli hakulala vizuri sikuzote. Kulikuwa na asubuhi ambazo aliamka akanyoosha mkono upande wa Kasoki, akakuta mkeka mtupu, na siku kama hizo aliongea juu ya mashimo kutwa nzima. Alimkosa mke wake vibaya sana. Hakuona tu kwamba kukosa mtu ni sababu ya kutosha ya kutembea.

Julai ya mwaka 2002 akaja Mzungu. Aliitwa Alexis, mwembamba, amekaushwa na jua la mahali pengine, na alitumwa na shirika dogo lililotaka kujua kama gari la dawa linaweza kufika Bafwasende. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja jangwani, kaskazini huko, na gari lake lilikuwa limekaa naye. Lilishushwa kutoka kwenye ndege ya mizigo likiwa bado na mchanga chini ya viti. Juu ya paa lilibeba hema linalofunguka lenyewe, ubavuni mabamba mawili ya chuma ya kuwekwa chini ya magurudumu yakizama mchangani, na nyuma madumu manane ya maji.

"Maji ya nini?" Hubert aliuliza. "Huko mvua inanyesha kila siku."

"Msafiri hatoki bila maji," Alexis alisema kwa upole, kama mtu anayefundisha. Kisha akamwangalia machoni. "Wanasema wewe ndiye unayeijua njia. Inapita?"

Miaka miwili Hubert alikuwa amemwapia binti yake kwamba haipiti.

"Inapita," alisema.

Waliondoka na karatasi za ruhusa za pande mbili, kwa sababu wakubwa wa upande huu hawakusoma mihuri ya upande ule. Hubert alivaa kofia. Alikaa kiti cha mbele, na alichagua kidole kimoja cha mkono wa kulia wa kuelekezea njia. Kanyere alimpa kitenge kipya amfikishie mama yake. Alipomwona baba yake amenyooka hivyo kitini, nusura amsamehe.

Siku ya kwanza walipita vizuizi. Siku ya pili barabara ikaanza kufanya mambo ambayo Hubert hakuyategemea. Ilikuwa nzuri.

Nyasi zilisimama kimo cha mtu, mianzi iliinama kutoka pande zote mbili, miti michanga ilikuwa imeota katikati na ilibidi kuikata kwa panga. Lakini chini, chini kabisa, udongo ulikuwa tambarare, na katikati yake ulipita mfereji mdogo, laini, uliochimbwa na matairi ya kinga. Mashimo hayakuwepo. Bila malori hakuna wa kuyachimba. Mvua ilikuwa imeingiza udongo, majani yameanguka juu yake, nyasi zikafunga kazi. Vita vilivyoharibu kila kitu Kisangani, kuanzia madaraja hadi harusi, vilikuwa vimeitengeneza barabara ya Bafwasende.

"Noeli iko mbele hapo," Hubert alisema saa tatu asubuhi. Alisema hivyo tena saa sita. Saa tisa alisema kwa sauti ndogo. Noeli haikuonekana. Walikuwa labda wameshaipita, labda waliegesha gari juu yake wakala sardini, na yeye hakujua, kwa maana mahali paliponyonya malori kumi na moja palikuwa sasa na maua ya njano. Alijisikia kama mtu anayerudi mtaani kwao akakuta kila nyumba imepakwa rangi moja.

Alexis alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alikata miti akiimba. Kila jioni alifungua hema juu ya paa, akapanga viti viwili vya turubai na taa, akachemsha kahawa na kumsimulia Hubert habari za jangwa: namna unavyotafuta mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja, unalala nje, unasikiliza ukimya.

"Na ni nani anawalazimisha?" Hubert aliuliza.

"Hakuna. Tunakwenda kwa hiari. Wengine hulipia."

Hubert alifikiri juu ya jambo hilo kwa heshima. Alikuwa amelala msituni mara tatu tangu vita vianze, yeye na nusu ya Kabondo, na hakukumbuka mtu aliyesifu ukimya.

Siku ya nne walifika njia panda. Kulia nyasi zilikuwa zimefunga, na mfereji wa kinga ulijipenyeza ndani yake kama uzi. Kushoto palikuwa wazi. Na hatua thelathini mbele, upande huo wa kushoto, Mungu ni mwema, palikuwa na shimo. Shimo la kweli, refu, lenye maji mekundu na nyayo za matairi makubwa pembeni. Machozi yalimlengalenga Hubert.

"Mama Mkwe!" alipaza sauti. "Ni yeye! Kushoto, monsieur, kushoto!"

"Baiskeli zimekwenda kulia," Alexis alisema.

"Kinga haijui barabara. Hiyo ni njia ya watu wa miguu."

Halikuwa Mama Mkwe. Ilikuwa njia ya wakata mbao, iliyofunguliwa katikati ya vita na watu wenye malori na bunduki, waliobeba magogo yao mwaka uliopita wakaenda zao. Barabara yenye mashimo ilikuwa ile ambayo haikwenda popote, na Hubert, ambaye moyo wake uliyajua mashimo kuliko kitu kingine, aliifuata kwa furaha kilomita sita, akiyasalimia moja moja kwa majina ya wenzao. Katika la saba gari liliinamisha pua likakaa. Alexis alitoa mabamba yake ya jangwani kwa fahari, akayaweka chini ya magurudumu. Yalizama yote mawili kama biskuti kwenye chai, na hayakuonekana tena.

Walipiga kambi hapo. Kesho yake asubuhi wakatokea watu wa kijiji cha karibu, wanawake watatu na mzee mmoja, wakasimama mbali kidogo wakiangalia hema, taa, viti na masufuria. Mama mmoja aliuliza kitu. Kisha waliondoka, na baada ya saa moja walirudi na makemba ya kuchemsha, zile ndizi kubwa, pondu ya majani ya mhogo, na mkeka ambao hata wao walionekana kuuhitaji.

Alexis aliweka mkono moyoni. "Ukarimu gani huu! Alikuwa anauliza nini yule mama?"

Alikuwa ameuliza, "Nani amewafukuza?" Maana mtu mzima anayelala msituni na masufuria yake amekimbia, na aliyekimbia hupewa chakula bila kuhojiwa sana. Chakula chenyewe walikuwa wamekitoa katika vyungu vyao, na huko kwao nao walikuwa wamekimbia mara mbili mwaka ule.

"Anasema karibuni," Hubert alitafsiri, akayasogeza makemba yake upande wa Alexis.

Wanakijiji walisema watalivuta gari kwa kamba, lakini mpaka wanaume warudi kutoka kuwinda, siku nne au tano. Hubert hakuweza kukaa akingoja akiangaliwa na wale akina mama. Alirudi kwa miguu hadi njia panda, akaketi juu ya gogo. Haukupita muda akasikia sauti, na kundi la wasukuma kinga likatokea nyasini, likielekea Bafwasende. Aliyetangulia alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Maniema, Binti jina lake, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani na magunia mawili ya chumvi juu ya kinga yake. Nyuma yake ndugu yake Kasongo alikuwa anatetemeka kwa homa, ameegemea kinga yake kuliko alivyokuwa anaisukuma.

Hubert alisema huko nyuma kuna Mzungu mwenye dawa na hema. Alijitambulisha. Binti alimwangalia kofia, kisha viatu.

"Papa, weye njo Hubert wa Kabondo? Mwenye mama Kasoki?"

"Njo miye. Unamujua?"

"Nani hamujue? Tunakunywa chai yake kila safari." Binti alisimamisha kinga kwa fimbo yake. "Kumbe weye njo ule wa 'usitoke'."

Hubert alikubali kwa kichwa.

"Papa, usikasirike. Kila tukipita tunamuambia: mama, twende na sisi, siku tisa uko ku nyumba yako, mutoto wako iko anakungojea. Anakatala. Anasema bwana yangu iko dereva, alisema atakuya na gari, na barabara haipite bila gari. Anasema akikuya nikiwa sipo, atanikosa." Aliinua mabega. "Sisi tunapita, yeye anabaki. Miaka mbili. Alifunga muzigo yake, akaifungua, akaifunga. Sasa haulize tena kama gari inakuya."

Aibu aliyoipata Hubert haikuwa ile ya dereva aliyezamisha gari la watu, ambayo hupita ukipata wa kumlaumu. Hii ilikaa naye pale juu ya gogo. Alikuwa amefikiri kwamba vita ndivyo vilivyomfunga mke wake Bafwasende. Vita vilikuwa vimemwacha apite kila juma, na aliyemfunga alikuwa yeye, kwa maneno sita aliyoyaona mazuri.

Kasongo alipelekwa kwa Alexis, akalazwa ndani ya hema juu ya paa, mgonjwa wa kwanza na wa pekee ambaye gari lile lilimfikishia dawa. Alexis, lazima tumpe haki yake, alimtunza kama ndugu. Na Hubert Paluku, dereva wa miaka ishirini na mmoja, aliivua kofia, akaitia mfukoni pamoja na kitenge cha Kanyere, akashika kinga ya Kasongo yenye kilo themanini za chumvi.

Ilimwangusha mara tatu kabla ya saa sita. Kumbe kuna ujuzi: mkono mmoja unashika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwingine unasukuma gunia kwa nyuma, na ukitaka kusimama lazima uwe umekwisha kuchagua wapi. Siku ya pili viganja vilipasuka. Siku ya tatu miguu ilivimba, akatembea amefunga viatu shingoni. Aliuliza kama wameshampita Mama Mkwe, na Binti hakujua anamzungumzia nani. Hakuuliza tena. Njiani alitunga maneno ya kumwambia Kasoki, akayabadilisha kila walipopumzika, na yalikuwa mengi, kwa sababu siku sita ni nyingi.

Walifika mchana wa siku ya sita. Kibanda kilikuwa kando ya njia, benchi mbili na moto. Wasukuma kinga wanne walikuwa wamekaa, kinga zao zimeelekea Kisangani. Kasoki alikuwa amekonda na alikuwa na mvi ambazo Hubert hakuziacha naye. Hakuinua macho kutoka sufuriani.

"Simamisha kinga yako pale ku muti, papa. Chai iko moto."

Hubert alisimamisha. Aliketi. Kikombe kikawekwa mbele yake, na mikate miwili, na ule mkono aliujua kila kidole. Katika maneno yote ya siku sita yalibaki mawili.

"Mama Kanyere," alisema.

Kasoki aliinua macho. Kisha alitoka kibandani hadi katikati ya njia, akatazama kule alikotoka Hubert, akawapita Binti na wenzake kwa macho, mpaka kwenye kona.

"Gari iko wapi?"

"Hakuna gari."

"Ulikuya namna gani?"

"Na miguu."

"Weye. Na miguu." Alirudi polepole. "Siku ngapi?"

"Miye nilifanya sita. Kutoka Kisangani iko tisa."

Kasoki alikaa kwenye benchi ya wateja. Wasukuma kinga walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona amekaa.

"Donc, kumbe iliwezekana," alisema.

Hubert alilia mbele ya watu, akasema, "Unisamehe." Kasoki alipokea kitenge cha Kanyere, akakinusa, akakaa nacho magotini. Kisha akamjazia Hubert kikombe cha pili, akawageukia wale wanne.

"Munaondoka lini?"

"Kesho asubui, mama."

"Muniite." Akamgeukia mumewe. "Weye pumuzika hapa. Angalia miguu yako. Utanikuta ku nyumba."

Na kesho yake alipoitwa, alitoka. Mzigo ulikuwa kichwani, kitenge kipya kiunoni, na kibanda alimwachia jirani bila kugeuka. Hubert aliamka akakuta moto umezimwa. Aliichukua kinga ya Kasongo, tupu sasa, akamwahidi Binti kuirudisha, akawafuata akikanyagia visigino, maana nyayo zilikataa. Aliwafikia kwenye mlima wa kwanza. Aliomba mzigo. Kasoki alitembea kitambo kama hakusikia, kisha akaushusha kichwani bila kusimama, na Hubert akaufunga juu ya kinga akaanza kusukuma. Kasoki alitangulia na wale wanne, na siku ile nzima hakugeuka hata mara moja kuangalia kama mumewe yupo nyuma.